Wenzo au Skrubu? Hesabu ya Kichwa cha Nyuma kwa Karakana Ndogo za Madaba

Fundi mwenye mashine ndogo ya kukerezea vyuma akiuliza afanyeje kutoboa kumchoshe kidogo, hupata majibu manne yanayopingana. Wa kwanza humwambia aache mashine ilivyotoka kiwandani. Wa pili humshauri atoe gurudumu la nyuma na kufunga wenzo. Wa tatu husema wenzo wa kawaida hauna nguvu, afunge reki na pinioni kama za drili ya meza. Wa nne humwambia asijisumbue, aagize kilicho tayari.

Kila mmoja ana ukweli wake, na ndiyo sababu fundi hubaki njia panda. Kinachokosekana ni mizani: kila njia inakupa nini na inakunyang'anya nini. Makala haya yanapima njia zote nne kwa kuitazama karakana ndogo ya Madaba, mkoani Ruvuma, ambako mashine ya namna hii hununuliwa ili ilipe gharama yake.

Usuli: kwa nini mashine ndogo, na kwa nini Madaba

Madaba ipo kwenye barabara ya Makambako kwenda Songea, zaidi ya kilomita 100 kutoka Songea mjini. Kwa miaka mingi Ruvuma haikuwa kwenye gridi ya Taifa. Songea iliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Hali ilibadilika mwaka 2018, njia ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipowashwa, na Madaba ikapata kituo chake cha kupozea umeme. Karakana ya kuchomelea, mashine ya kupasua mbao na kinu cha kusaga nafaka vikapata mahali pa kuchomeka waya.

Vyombo hivyo vyote huharibika, na vingi huharibika mahali padogo: bushi imelika, pini imepinda, spesa imepotea, roli ya kusukumia mbao imelegea. Katika eneo lenye mashamba ya miti kama lile la Wino, mashine ya mbao ikisimama siku moja kwa sababu ya bushi, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya bushi. Kupeleka kazi Songea au Makambako kunamaanisha nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na foleni ya mkerezaji wa huko.

Hapo ndipo mashine ndogo inapoingia. Ile inayojulikana zaidi duniani, ya Kichina, ina uzito wa kilo 40 hivi, hukereza kipande chenye kipenyo kisichozidi sentimita 18, na hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani wa fezi moja. Mashine kubwa ya kiwandani mara nyingi hudai fezi tatu, sakafu ya zege na mtaji wa kampuni. Ulaya na Marekani mashine hiyo ndogo huuzwa kwa watu wanaojiburudisha gereji baada ya kazi. Kwa karakana ya kijijini ndiyo kazi yenyewe, na tofauti hiyo inabadilisha hesabu yote inayofuata. Anayejiburudisha hahesabu dakika. Anayeuza bushi anazihesabu.

Kichwa cha nyuma kinafanya nini

Upande wa kushoto wa mashine kuna chaki inayoshika chuma na kukizungusha. Upande wa kulia, juu ya kitanda kilekile, kuna kichwa cha nyuma, ambacho mafundi wengi hukiita telistoki. Ndani yake mna bomba la chuma linaloingia na kutoka. Mdomo wa bomba hilo umekatwa kwa mwinamo maalumu unaoitwa koni ya Morse, kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyesajili biti ya kujisokota mwaka 1863. Kwenye mashine ndogo aghalabu ni koni namba 2, ambayo kipenyo chake huongezeka karibu milimita 5 kwa kila sentimita 10 za urefu.

Bomba hilo lina kazi mbili, na ugomvi wote unazaliwa hapo. Kazi ya kwanza ni kushikilia senta, yaani ncha inayoegemeza mwisho wa shafti ndefu isicheze wakati inakerezwa. Kazi ya pili ni kubeba chaki ya drili na kusukuma biti ndani ya chuma kinachozunguka. Kazi ya kwanza inadai kitu kinachokaa palepale bila kurudi nyuma hata kidogo. Ya pili inadai kitu chepesi cha kwenda na kurudi. Kiwandani walichagua skrubu yenye gurudumu la mkono, na kwa kazi ya kwanza walichagua vizuri. Kwa ya pili walimwachia fundi mzigo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bushi inatobolewa kwa biti ya milimita 6, kina cha milimita 36. Biti haiendi moja kwa moja. Lazima itolewe mara kwa mara ili chenga zitoke na mafuta yaingie. Tuseme fundi anatoboa hadi milimita 18, anatoa, anaingia hadi 24, anatoa, kisha 30, kisha 36. Bomba limesafiri jumla ya milimita 216. Kama pichi ya skrubu, yaani mwendo wake kwa mzunguko mmoja, ni milimita 1.5, amezungusha gurudumu mara 144 kwa tundu moja. Kwa bushi 20 ni mara 2,880. Kwa wenzo, tundu hilohilo ni mivuto minne.

Dunia iliuona ugumu huu zamani. Mwaka 1845 Stephen Fitch wa Connecticut, Marekani, aliyekuwa akitengeneza skrubu nyingi za bastola, aliunda mashine ya kukerezea yenye kichwa cha nyuma kinachobeba zana kadhaa kwa zamu. Mafundi wa saa nao wakatumia vichwa vya nyuma vya wenzo kwa matundu membamba. Chanzo ni kilekile: kazi inayojirudia.

Msimamo wa kwanza: iache skrubu

Wanaotetea skrubu wana hoja nzito. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 35 husafiri takriban milimita 220 kwenye ukingo wake ili bomba lisogee milimita 1.5. Hiyo ni faida ya karibu mara 147. Hata msuguano ukila theluthi mbili, msukumo wa kilo 5 mkononi unakuwa karibu kilo 245 kwenye biti. Biti ya milimita 10 kwenye chuma laini inaweza kudai msukumo unaozidi kilo 100, na skrubu inautoa bila jasho.

Skrubu pia haishindwi kwa kusukumwa. Senta ikiegemeza shafti, msukumo wa shafti hauwezi kuzungusha skrubu nyuma. Gurudumu lina alama za kupimia, kwa hiyo kina cha tundu kinasomeka hapohapo. Na bomba likirudishwa hadi mwisho, ncha ya skrubu huisukuma koni itoke yenyewe, bila nyundo.

Udhaifu wake ni polepole, na polepole hiyo ina madhara mawili. La kwanza ni muda. La pili halionekani haraka: fundi aliyechoka kuzungusha huacha kuitoa biti mara kwa mara. Chenga hujaa kwenye mifereji ya biti, joto hupanda, na biti hukatika ndani ya kazi. Zaidi ya hayo, skrubu ni ngumu na haina hisia. Biti ya milimita 2 inapoanza kulemewa, mkono kwenye gurudumu haupati habari hadi uusikie mlio wa kukatika.

Wapo wanaokwepa tatizo kwa kulegeza kichwa chote na kukisukuma kwa mkono juu ya kitanda. Kwa kutoa chenga njia hii inasaidia, lakini kwenye mashine nyingi ndogo kichwa hufungwa kwa nati inayodai spana kila mara, na kufunga na kufungua huko hula muda uleule uliookolewa.

Msimamo wa pili: wenzo wa kiungo

Hii ndiyo njia rahisi kuitengeneza. Gurudumu, kifuniko cha nyuma na skrubu vinatolewa. Fimbo ya chuma inaingizwa kwenye nyuzi zilizomo ndani ya bomba na kutokezea nyuma. Kipande cha bamba kinafungwa kwa bolti kwenye matundu yaleyale yaliyoshika kifuniko, na juu yake panawekwa egemeo. Wenzo unazunguka kwenye egemeo hilo na kuivuta au kuisukuma fimbo.

Mambo mawili huwakwamisha wengi. La kwanza ni nyuzi. Ili gurudumu likizungushwa kuelekea kulia bomba liende mbele, skrubu hiyo hukatwa nyuzi za kushoto. Fundi akitengeneza fimbo ya nyuzi za kawaida za kulia haitaingia, na akiilazimisha ataharibu nyuzi za bomba ambazo atazihitaji tena siku nyingine. Fimbo ikatwe nyuzi za kushoto kwenye mashine hiyohiyo.

La pili ni upinde. Ncha ya wenzo haiendi mstari mnyoofu; inachora sehemu ya duara. Mkono mfupi wa wenzo ukiwa milimita 60 na bomba likisafiri milimita 50, pini ya ncha huhama pembeni kwa milimita 5.5. Ikifungwa moja kwa moja kwenye fimbo, bomba litapindwa, litakwama, na tundu lake litalika upande mmoja. Ndiyo sababu panawekwa kiungo kifupi chenye pini mbili kati ya wenzo na fimbo. Kiungo hicho hucheza huku na huku na kuumeza upinde. Bamba la upana wa milimita 25 na unene wa milimita 6 linatosha, na pini zitoke kwenye bolti za milimita 8 zenye sehemu laini isiyo na nyuzi, ili kiungo kisizunguke juu ya nyuzi na kulika.

Nguvu yake ni hisia na kasi. Mkono unasikia biti inavyokula, unasikia chenga zinapojaa, unasikia biti inapokaribia kutokea upande wa pili. Kwa mbao, ambako unga hujaa kwenye biti haraka mno, faida hii ni kubwa zaidi, na Madaba ni nchi ya mbao. Isitoshe, hakuna kitu cha kudumu kilichokatwa kwenye mashine. Skrubu ikirudishwa, mashine iko kama ilivyotoka kiwandani.

Udhaifu wake ni nguvu ya kusukuma. Wenzo wa milimita 300 wenye mkono mfupi wa milimita 60 hutoa faida ya mara tano tu. Msukumo wa kilo 15 mkononi unakuwa kilo 75 kwenye biti. Kwa biti hadi milimita 5 au 6 inatosha. Kwa biti ya milimita 10 fundi ataning'inia kwenye wenzo na hatafika mbali, au itabidi apanue tundu kwa hatua kadhaa.

Zipo gharama nyingine za kimyakimya. Wenzo haujifungi wenyewe, kwa hiyo kukereza shafti kwa senta kunategemea kufuli ya bomba peke yake. Alama za kupimia kina zinapotea, na lazima pawekwe fimbo ya kizuizi yenye kola inayofungwa kwa skrubu ndogo. Koni haitoki yenyewe tena. Wenzo ukiachwa unaweza kuanguka kwa uzito wake na kuipeleka biti kwenye chaki inayozunguka, kwa hiyo springi ya kuurudisha nyuma ni sehemu ya usalama na isiachwe. Na katika brasi, ambayo huivuta biti ndani, skrubu ingeizuia biti, wenzo hauizuii. Dawa yake ni kuondoa ukali kidogo kwenye makali ya biti kwa jiwe la kunolea kabla ya kutoboa brasi.

Msimamo wa tatu: reki na pinioni

Yeyote aliyetumia drili ya meza ameshaushika mfumo huu. Ubavuni mwa bomba kuna meno yaliyonyooka, yaani reki, na pinioni, yaani gia ndogo, yenye mikono mitatu huyasukuma. Pinioni ya moduli 1 yenye meno 18 ina nusu kipenyo cha milimita 9. Ukiifunga mkono wa milimita 180, faida ni mara 20: kilo 15 mkononi zinakuwa kilo 300. Mzunguko mmoja kamili hulisogeza bomba milimita 56.5, yaani safari yote au karibu yote.

Kwa hesabu tupu, njia hii inashinda. Ina nguvu inayotosha biti kubwa, ina kasi, haina upinde wa kumezwa na kiungo, na mikono yake mitatu humruhusu fundi abadili mshiko bila kuachia.

Ugumu uko kwenye kuitengeneza. Ama bomba la asili lichimbwe ili lipokee reki, na hapo hakuna kurudi nyuma, ama bomba jipya litengenezwe, na hilo ladai koni ya Morse ya ndani iliyokatwa kwa usahihi. Mwili wa kichwa lazima utobolewe tundu la kupitisha pinioni, na tundu hilo likienda mrama kwa nusu milimita, meno yatalegea au yatabana. Pinioni yenyewe inahitaji mashine ya kukata gia, ambayo karakana ndogo haina.

Wengi hukimbilia vyuma chakavu, na hapa tahadhari inahitajika. Reki ya usukani wa gari inapatikana kwa urahisi, lakini meno yake mara nyingi yameinama kwa pembe na yamefanywa magumu kwa moto hadi tupa inateleza juu yake. Chanzo bora ni drili ya meza iliyoungua mota: reki yake na pinioni yake vilizaliwa pamoja, meno yanalingana, na kazi ni kuvihamisha.

Msimamo wa nne: nunua

Vichwa vya nyuma vya wenzo na vifaa vya kubadilisha vinauzwa na wauzaji wa ng'ambo. Anayenunua anaokoa wiki za kazi na anapata kitu kilichopimwa. Lakini bei ya kifaa ni sehemu tu ya gharama: kuna usafiri, kuna kodi, kuna kusubiri, na kuna hatari ya kupokea kifaa ambacho urefu wake hadi katikati ya chaki umezidi au umepungua. Kichwa cha nyuma kisicholingana na chaki hutoboa matundu makubwa kuliko biti, na kukirekebisha ni kazi ya fundi yuleyule aliyekwepa kutengeneza.

Kuna hoja nyingine isiyo ya fedha. Tanzania ilishajaribu kujitengenezea mashine: Kilimanjaro Machine Tools ya Moshi ilijengwa kwa msaada wa Bulgaria, na karakana kuu ya Mang'ula, Kilombero, ilitokana na ujenzi wa reli ya TAZARA. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 ili ujuzi wa namna hiyo ushuke hadi kwenye viwanda vidogo. Viwanda vikubwa vilipoyumba, kilichobaki salama ni ujuzi uliokuwa mikononi mwa watu. Wenzo wa kichwa cha nyuma unafundisha nyuzi za kushoto, egemeo, ulinganifu na vipimo, ndani ya kazi moja ambayo fundi ataitumia kila siku. Anayenunua anapata kifaa, na somo hilo linampita.

Kupima mizani

Kwanza, wenzo hauna nguvu kuliko skrubu. Ukilinganishwa na skrubu, unatoa nguvu na kupokea kasi na hisia. Anayeelewa hivyo hataulaumu wenzo unaposhindwa na biti ya milimita 12, wala hataisifu skrubu inapookoa biti kubwa huku ikizivunja ndogo. Swali sahihi ni la kazi: matundu mangapi, makubwa kiasi gani, na mara ngapi shafti ndefu inaegemezwa kwa senta.

Pili, kuna polepole isiyotokana na skrubu. Biti butu, biti iliyonolewa makali yasiyolingana, au kichwa kilichokaa pembeni ya mstari wa chaki, vyote humfanya fundi asukume sana. Akifunga wenzo kabla ya kurekebisha hayo, atakuwa amejipatia njia ya haraka ya kuvunja biti. Vivyo hivyo kwa kufuli ya kichwa kitandani: ikiwa hafifu, wenzo utakirudisha kichwa chote nyuma badala ya kuipeleka biti mbele.

Tatu, kinachoweza kurudishwa kina thamani ya pekee mahali ambapo spea iko mbali. Mashine ya kiwandani Dar es Salaam ikiharibiwa kwa majaribio, ipo nyingine pembeni. Karakana ya Madaba yenye mashine moja haina nafasi hiyo. Kwa kigezo hiki wenzo wa kiungo unaipita reki, ingawa reki inaupita kwa nguvu.

Nne, mchanganyiko wa kazi katika karakana ya ukarabati ni wa kupanda na kushuka. Leo bushi 20 za milimita 6, kesho shafti moja ndefu ya kinu. Kifaa kinachoifuta kazi ya kesho ili kuirahisisha ya leo ni kifaa ghali, hata kama kimetengenezwa kwa chakavu.

Kwa muhtasari

Anayetoboa matundu machache na makubwa, au anayekereza shafti ndefu kila siku, abaki na skrubu na atie bidii kwenye kunoa biti. Anayetoboa matundu mengi yasiyozidi milimita 6, au anayefanya kazi za mbao, atengeneze wenzo wa kiungo, auwekee kizuizi cha kina na springi ya kurudisha, na aihifadhi skrubu pamoja na gurudumu lake ndani ya kitambaa chenye mafuta. Reki na pinioni ziwasubiri wenye drili chakavu ya kutolea meno, na wenye kichwa cha pili cha nyuma cha kufanyia majaribio. Kununua kunamfaa yule ambaye oda zilizoko mezani zinazidi muda wake wa kutengeneza.

Kwa karakana nyingi ndogo za Madaba, wenzo wa kiungo ndio hatua ya kwanza yenye busara, kwa sababu moja kuu: ukithibitika haufai, dakika chache za spana zinarudisha kila kitu mahali pake. Kabla ya kukata bamba la kwanza, fundi achukue daftari na kwa mwezi mmoja aandike kila tundu analotoboa, kipenyo chake na kina chake. Daftari hilo litampa jibu la karakana yake mwenyewe, jibu ambalo washauri wanne hawawezi kumpa.